Mfupa Ulioachwa na Njaa

Mwanangu Tatu,

Sikuulizi hujambo. Nimekusikia sasa hivi ukigombana na zipu ya begi, na kwa jinsi ulivyoitukana naona afya unayo. Sasa umetoka, umekwenda kuwaaga majirani. Baba yako yuko msikitini, na akimaliza alasiri huwa anapitia kwenye bao. Akishafungwa ndipo anapokumbuka kwamba ana nyumba. Kwa hiyo muda ninao, kalamu ninayo, na ninalo daftari lako la chuo uliloliacha na kurasa nyeupe nyingi. Mwandiko wangu unaujua. Mwalimu wa darasa la tano alisema ni kama kuku aliyekanyaga wino kisha akafukuzwa na mbwa. Soma polepole.

Maagizo ya safari sina. Shangazi yako wa Kigoma ameshapiga simu mara nne kueleza utashukia wapi, utapokelewa na nani, na duka lake la vitenge linafunguliwa saa ngapi. Mtu wa miaka ishirini na minne hafundishwi namna ya kukaa kwenye basi. Mimi nataka kukueleza habari za kifua changu. Usikunje uso. Najua umekihudumia miaka miwili, na unakijua kuliko ninavyokijua mimi, ambaye nikitaka kukiona lazima niyasukume matiti pembeni kama mtu anayefungua pazia. Lakini liko jambo moja la kifua hiki ambalo hulijui, na ukiondoka kesho bila kulijua nitakuwa nimekuua halafu nikakusindikiza stendi.

Unamkumbuka daktari wa Dar, yule kijana mwembamba aliyekuwa akiniita mama mkubwa, nami sikujua kama ile ni heshima au ni kilo. Siku moja kabla ya upasuaji alikaa ukingoni mwa kitanda changu. Wewe ulikuwa umesimama upande wa miguuni na kalamu mkononi, mwaka wako wa kwanza wa uuguzi umekwisha, umeomba ruhusa chuoni ili uniuguze. Akachora kifua kwenye karatasi.

"Mama mkubwa, mishipa mitatu ya moyo wako imeziba. Nitaipitishia damu njia nyingine. Nyuma ya mfupa wa kidari, kulia na kushoto, kuna mishipa miwili inashuka sambamba kama reli. Huu wa kushoto nitaukata kwa chini, juu nitauacha ulipo, kisha nitaugeuzia kwenye moyo. Ni mshipa imara, hudumu miaka mingi."

"Na wa kulia?"

"Kwa kawaida wa kulia ningeuacha. Mtu mwenye kisukari, na mwenye mwili kama wako..."

"Sema mnene, mwanangu. Humu ndani sote tuna macho."

Akacheka, lakini hakuacha kuchora. "Kwa mtu kama wewe ningeuacha, kwa sababu mishipa hii ndiyo inayoulisha mfupa wenyewe. Nikichukua mmoja, upande huo unabaki na njaa, lakini upande wa pili unausaidia. Nikichukua yote miwili, mfupa mzima utategemea vijishipa vidogo vya kwenye mbavu. Na mfupa huohuo nitakuwa nimeupasua katikati kwa msumeno, nataka uunge. Ni kama kumnyima mtu chakula halafu ukamwambia akalime."

"Basi chukua kwingine."

"Ningechukua miguuni. Miguu yako nimeiangalia."

Hakuhitaji kusema zaidi. Miaka ishirini ya kusimama sokoni imeijaza miguu yangu mishipa iliyovimba na kujisokota kama mizizi. Mikononi napo walipima, hapakufaa. Ikabaki ile miwili ya nyuma ya kidari. Akasema atauchomoa kila mshipa peke yake, mtupu, bila ule ukanda wa nyama unaouzunguka, ili vile vijishipa vidogo vibaki vikiendelea kuupa mfupa chochote vinachoweza.

"Nitauibia mfupa ili moyo upone," alisema, "lakini nitauibia kwa adabu. Baada ya hapo kazi ni yako. Sukari iwe chini. Kwa miezi mitatu usibebe kitu kinachozidi birika la chai. Mfupa utatafuta damu kwa majirani zake na utaipata, ila unataka muda."

Wewe uliandika yote. Mimi nilikuwa namwaza babu yako.

Babu yako, baba yangu, alikuwa mrina asali kule Puge, na mizinga yake ilikuwa ya magome. Nilipokuwa mdogo alinichukua porini kunionyesha. Alichagua mti ulionyooka, akauzungushia shoka chini, akauzungushia juu, akapasua mstari mmoja kati ya mizunguko hiyo, kisha akasukumasukuma kwa kijiti kilichochongwa mpaka gome likatoka zima, kama mtu anayevuliwa kanzu. Mti ukabaki mweupe, unang'aa, umelowa. Nikamuuliza kama unauma. Akasema, "Umeusikia ukilia?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi."

Nilichokistaajabia ni kwamba mti ule haukunyauka. Msimu mzima ulikuwa na majani ya kijani, hata maua ulitoa, nyuki wakaja. Nikamwambia baba, mti wetu umepona. Akaendelea kunoa shoka. Msimu uliofuata ulikuwa kuni. Siku nyingine, alipokuwa na moyo wa kuongea, aliniambia kwamba ukibandua upande mmoja tu mti unaishi. Ukizungusha pande zote umeua, isipokuwa mti wenyewe unachelewa kupata habari. "Sasa mbona unazungusha?" nikamuuliza. "Kwa sababu upande mmoja hautoshi mzinga," akasema.

Nilimsimulia daktari. Akasema ndivyo hasa, ila yeye atauachia mti vigome vyake vidogovidogo, na nisipouchezea utavaa tena.

Nisipouchezea. Mimi, Mama Asali.

Unajua mji huu unavyoniita, na unajua ninavyolipenda jina hilo. Mwenye kikohozi anakuja kwangu, aliyeungua anakuja kwangu, bwana harusi anakuja kwangu anajifanya amekuja kumchukulia bibi yake. Niliposhikwa na kisukari nikageuka wakili: asali si sukari, sukari inatoka kiwandani, asali inatoka kwa nyuki ambaye Mungu mwenyewe amemfundisha. Tuliporudi kutoka Dar, nikiwa na kifua kilichofungwa kwa waya, kila asubuhi nilikunywa vijiko viwili kutoka kwenye ile chupa iliyoandikwa dawa ya kikohozi. Wewe ulipima sukari yangu ukaona imepanda. Ukadhani mashine imeharibika, ukaazima nyingine. Ukanipunguzia ugali. Ukaninyima chapati. Kisha ukaanza kula mchicha mtupu pamoja nami ili nisijione mpweke. Mimi nilibaki nilivyo. Wewe ndiye uliyekonda.

Hilo ni la kwanza, na ni dogo.

La pili ni la wiki ya sita. Wewe ulikuwa sokoni umekaa kwenye meza yangu, baba yako yuko kazini. Akaja yule mtani wetu, Mgogo mwenye mgahawa, ambaye tangu nimjue hajapita mlangoni kwangu bila kunitukana, nami sijawahi kumwacha aondoke bila kumrudishia. Huo ndio utani, na wazee wanasema ulizaliwa kwenye njia ya misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wanapita Ugogo na mizigo yao kwenda pwani, wakiomba maji na kutukanwa.

"Mama Asali, debe langu liko wapi?"

"Lile pale kwenye kona. Kaa kidogo, Tatu akirudi atakutolea."

"Nikae? Nina pikipiki inanisubiri hapo nje. Hee, kwa hiyo siku hizi unabebewa? Wanyamwezi, wapagazi wa dunia, nyinyi mliovusha pembe za watu kwenye nchi yetu mkila vumbi, leo debe moja mnasubiri mtoto arudi sokoni? Nilisikia Dar walikupasua. Sikujua kama walikutoa na ukoo."

Tatu, nilicheka. Lilikuwa neno zuri, lile la kutolewa ukoo, nami sikuwa na jibu. Mtu anayekaa nyumbani wiki sita anaishiwa maneno. Kwa hiyo nikamjibu kwa mikono. Nikaenda kwenye kona, nikainama, nikalikumbatia debe la asali, nikalinyanyua, nikalipeleka mpaka mlangoni, nikalitua miguuni pake.

"Ukoo huo hapo," nikamwambia.

Wakati nalitua nilisikia mlio ndani ya kifua. Mdogo. Kama muhogo mkavu unapovunjwa. Mtani akapiga makofi, akamwita mwenye pikipiki alibebe, akaondoka akicheka. Nikakaa kwenye kigoda mpaka uliporudi. Ukaniuliza, "Mama, mbona umelowa jasho?" Nikasema jua.

Tangu siku ile kila nikikohoa nilisikia pande mbili za mfupa zikisuguana. Sikukuambia. Nilijua kitu pekee duniani kinachoponya, nami ndiye niliyekuwa nakiuza. Kila ulipomaliza kunisafisha, ukafunika kidonda kwa shashi safi, ukaenda kumwaga maji, mimi nilinyanyua ukingo wa shashi na kupaka asali. Haikuwa ile iliyochujwa. Nilipaka ile mbichi, yenye nta na miguu ya nyuki, kwa kidole hikihiki kilichoshika kalamu. Siku ya nne nikaanza homa. Siku ya sita ulifungua bandeji, ukaona, ukaniambia kwa sauti ya muuguzi, "Mama, tunarudi Dar." Nilijivunia sauti ile. Hata hilo sikukuambia.

Walinifungua tena. Nilipozinduka yule daktari alikuwa hapo, na safari hii hakuniita mama mkubwa.

"Waya zilikuwa zimekata mfupa kama uzi unavyokata mche wa sabuni," alisema. "Kingo zote mbili zimekufa. Nimeziondoa, nimevuta nyama ya kifua kuziba pengo. Mfupa usio na damu hauna wa kuupigania. Mdudu akiingia, hakuna njia ya kuwaleta askari. Ndiyo maana nilikuomba muda. Sasa nataka kujua ili nitibu vizuri, sitaki kumlaumu mtu. Ulibeba kitu?"

"Sijabeba hata kijiko."

"Kuna kitu mlipaka kwenye kidonda?"

Ulikuwa umesimama palepale, upande wa miguuni. Hujalala siku mbili. Nikakutazama, kisha nikasema, na maneno haya nayakumbuka yote kwa sababu niliyapanga kabla ya kuyatoa:

"Mimi kidonda changu sikioni, daktari. Muulize huyu. Mikono iliyokuwa inaingia humo ni ya kwake."

Uliiangalia mikono yako. Uliigeuza, ukaangalia viganja, ukaangalia migongo, kama mtu aliyepewa mikono ya mwingine aishike kwa muda.

"Ulikuwa unanawa kabla ya kumgusa?" daktari akakuuliza, kwa upole.

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Kama tulivyofundishwa."

"Sawa," akasema, akaandika. Nadhani yeye hakuniamini. Uliyeniamini ni wewe.

Tuliporudi nyumbani nilirudia habari ile kwa baba yako. Akasema, "Mtoto amesomea mambo haya, atakosea vipi?" Nikamwambia, "Amesoma mwaka mmoja. Mimi nimefika mpaka la saba, umeniona naandika vitabu?" Akacheka. Ndivyo uongo wangu ulivyoingia humu ndani, ukisindikizwa na kicheko, na ndiyo maana haukutoka. Uongo uliokunjiwa uso watu huutilia shaka. Ule unaochekesha hupewa kiti.

Chuo kilipofunguliwa hukurudi. Ulisema, "Mimi si mtu wa kugusa watu," ukakunja sare yako ukaiweka chini kabisa ya sanduku. Nilikusikia. Nilikuwa nakula, nikaendelea kula.

Halafu ikaja ile arobaini ya mtoto wa jirani. Nataka uijue siku ile kama nilivyoiona mimi, maana wewe uliiona kutoka upande wa kupigwa. Tulikaa kwenye mkeka, mtoto anapokezanwa, kila mwanamke anamnusa, anamtemea dua, anampitisha. Alipofika kwako ulijisogeza nyuma kidogo na kuificha mikono ndani ya khanga. Mama yake akabaki amemshika mtoto hewani. Mimi peke yangu mkekani nilikuwa najua ukweli. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa neno la kweli, na watu walionizunguka ni wanawake walionipenda.

Nikasema, "Msimpe huyo. Mikono yake tunaijua."

Wakacheka, Tatu. Nilifahamu kwamba watacheka. Nilisubiri kidogo kabla ya kulisema, kama msimuliaji anavyosubiri. Na wewe pia ulicheka, ukaenda kuosha vyombo.

Nimejitafutia sababu nzuri miaka miwili, sikuipata. Sababu mbaya ninazo. Ya kwanza ni jina langu: Mama Asali aliyeozeshwa kifua na asali yake, nani angekuja tena kununua? Ya pili ni aibu ya kuvunjwa kifua na utani. Lakini hizi ni za kuwaambia watu. Ile ya chini kabisa, ambayo hata kwenye sala naikwepa, ni kwamba nilipoona umeamini, niliona pia kwamba hutaondoka. Mtoto asiye na kosa huuguza mama yake mpaka apone, kisha anarudi kwenye maisha yake. Mtoto mwenye kosa hakai mpaka mgonjwa apone. Anakaa mpaka kosa lipone, na kosa lile lilikuwa mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nalifunga bandeji. Uliamka kabla yangu. Ulinibadilishia nguo. Ulinisugua miguu. Nikaona uzee umenijia mapema, na umekuja na mtumishi.

Daktari aliuibia mfupa, lakini kwanza alimwambia mwenye mfupa, akachora, akasubiri akubaliwe, akaacha vijishipa. Mimi nilikuzungushia shoka chini na juu. Na wewe ukabaki kijani, unapika, unamtania baba yako akifungwa bao, nami nikajiambia mti wetu umepona.

Baba yangu alinisimulia habari nyingine ambayo yeye aliisikia kwa babu yake, aliyebeba mizigo mpaka pwani na kurudi. Kwenye msafara, alisema, kuanguka haikuwa aibu. Waliokufa njiani walililiwa. Aibu ilikuwa ya mtu ambaye wenzake wakilala anafungua mzigo wake, anatoa kitu kizito, anakitia kwenye mzigo wa mwenzake. Asubuhi yule mwenzake anajitwika, anaona shingo inauma kuliko jana, anadhani amedhoofika. Anatembea siku nyingi akijidharau. Mtu wa namna hiyo akigunduliwa, alisema, hawakumpiga. Waliacha tu kumpikia. Nilipokuwa mtoto niliona ni adhabu ndogo.

Usifikiri nakuandikia ili unisamehe, nikapona vizuri. Ukinisamehe leo nitajua umefanya kwa mazoea, maana miaka miwili mazoea yako ni kunihudumia. Na usifikiri nimekuandalia fidia. Sijaenda chuoni kukuombea nafasi. Juzi nilitoa sare yako chini ya sanduku, nikainyoosha kwa pasi, nikaiweka kwenye begi lako. Kisha nikaona huo ni ujanja mwingine wa mwanamke anayetaka kushukuriwa, nikairudisha. Ipo sandukuni, imenyooka. Kama unapenda vitenge, nenda Kigoma ukauze vitenge, shangazi yako ni mtu mzuri na anahonga kwa samaki. Ila uende kwa sababu unavipenda. Usiende kwa sababu kitenge hakina kidonda.

Nasaha ninayo moja, na nimeipata kwa kuwa upande mbaya wake. Mtu anaweza kukupenda na kukula kwa wakati mmoja, na mapenzi yake yakawa ya kweli kabisa, na meno yake pia. Mimi nilikupenda siku zote hizo. Niliponyanyua shashi na kupaka asali nilikuwa nawaza jinsi ulivyoifunga vizuri. Kwa hiyo atakapokuja mtu akakulaumu, iwe mume, iwe bosi, iwe mwanao, usiangalie kama anakupenda. Uliza mzigo ulikuwa wa nani jana.

Baba yako nitamwambia mwenyewe, akirudi kutoka kwenye bao. Nitamsubiri amalize kueleza jinsi alivyoibiwa kete, kisha nitamwambia. Mama wa yule mtoto nitamwendea nyumbani kwake. Mtani naye nitamwambia, na najua atakachosema: kwamba mpagazi wa Kinyamwezi amebeba debe moja akamtwisha mwanawe kifua kizima. Atacheka, kisha ataacha kucheka.

Utauliza kwa nini leo. Ningependa kukuambia ni kwa sababu unaondoka na moyo wangu umelainika. Si hivyo. Ni kwa sababu ya mchana huu.

Ulikuja kunisafisha kile kijitundu kilichobaki, kinachotoa maji hakitaki kufunga. Nilikaa kitandani, kifua wazi, nakusikiliza uani. Ulinawa kwenye beseni la bluu kwa sabuni ya mche, ukamwaga. Ukanawa tena, ukamwaga. Ukanawa mara ya tatu mpaka kwenye viwiko, kwa ile brashi ya kufulia. Ukaja umeinua mikono mbele yako kama mtu anayebeba kitu cha moto, na nikaona ngozi ya vidole imebanduka, nyekundu, imelowa, inang'aa. Mng'ao ule niliwahi kuuona porini, na baba yangu.

Nikafungua mdomo nikuambie. Naapa nilifungua mdomo nikuambie. Ulikuwa unaondoka kesho, hakuna tena nilichokuwa napata. Na nikasikia sauti yangu, ile nzuri, ya utani, ikisema, "Kwenye kucha bado, mama."

Ukarudi kunawa mara ya nne.

Ndipo nilipojua kwamba mdomo huu hautaniokoa, nikatafuta kalamu.

Nasikia lango, labda ni wewe, labda ni mbuzi wa jirani. Namalizia. Barua hii sikuwekei chini ya begi uje uisome Kigoma, mimi nikiwa salama mbali na macho yako. Nitaiweka ndani ya lile beseni la bluu, likiwa kavu. Kesho alfajiri, kabla ya basi, utakwenda kulichukua kama kawaida. Nami nitakuwa nimekaa kitandani, shashi nimeshaitoa, kifua wazi, nimeyashika mapazia yangu pembeni. Nitakuwa nasikiliza.

Nikisikia umetoka kwa mlango wa nje, nitajifunika mwenyewe, na sitakupigia simu. Kama siku moja nitakupigia na kukuambia kifua kimeanza kutoa mlio tena, usije, hata kama ni kweli.

Na kama utaamua kuingia, kunifunga mara ya mwisho au kuniambia unachotaka kuniambia, nawa mara moja. Mwanangu, mara moja tu, kama ulivyofundishwa. Ilikuwa inatosha tangu mwanzo.

Mama yako